Historia ya Mji Wetu kwa Maneno ya Maboyi

Kitabu hiki si kipya, walakini chafaa kusomwa tena. Mwaka 1965, Elisabethville ilipokuwa haijaitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya chama cha maboyi wa zamani, akaiita "Vocabulaire". Jina ladanganya: si orodha ya maneno. Mwandiko wake haufuati kanuni, na wenye shule watacheka. Basi wakisome kwa sauti, kama Kalundi Mango alivyomsomea Johannes Fabian, aliyekitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapo maneno yaliyobanana huachana, na Kiswahili chetu chasikika. Lawama yangu ni moja: kilichapwa Amsterdam, kwa wataalamu. Wajukuu wa maboyi wale, wanaosoma Kifaransa shuleni, wapewe chapa yao.