Neno na Jirani Zake

Wako wasemao siku hizi kwamba kompyuta imekwisha jua maana ya maneno, na kwamba kazi iliyobaki ni kuilisha maneno mengi zaidi ili ijue na hisia za wayasemao. Kauli hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ina kweli nyingi kuliko wanavyopenda kukiri wale waidharauo mashine. Ya pili, kwa maoni yangu, haijathibitika, na msomi wa Kiswahili aipokeaye bila ya kuihoji amewaachia wengine kazi ambayo ni yake kwa haki. Nitazitazama zote mbili, na mifano yangu mingi nitaitoa katika Kiswahili, kwa kuwa hicho twaweza kukipima wenyewe pasipo kumtegemea mkalimani.

Jambo lenyewe si jipya. Mwezi wa Januari 1954, mjini New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha mashine iliyofasiri sentensi sitini na zaidi za Kirusi kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Magazeti yalishangilia, na watu wakaahidiwa kwamba haitapita miaka mingi kazi itakuwa imekwisha. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuishughulikia kazi hiyo, alitoa mfano mdogo uliowatia wengi baridi. Katika Kiingereza neno lile lile, pen, ni kalamu na pia ni kizimba cha kuchezea mtoto. Mtoto akisemwa kuwa amelikuta sanduku lake ndani ya hiyo pen, kila msomaji hufahamu kuwa ni kizimba, kwa sababu anajua ukubwa wa sanduku na ukubwa wa kalamu. Mashine, alisema, haijui ukubwa wa kitu chochote. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa Marekani kuipima kazi hiyo ikatoa taarifa ya kukatisha tamaa, na fedha zikapungua.

Njia iliyokuja kufaulu ilitokana na fikra ya wanaisimu wawili wa miaka ile ile: Zellig Harris, aliyeiandika mwaka 1954, na J. R. Firth wa London, aliyeieleza mwaka 1957. Kwa ufupi, maana ya neno yaweza kutafutwa katika maneno lifuatanayo nayo. Fikra hii ilikaa vitabuni kwa muda mrefu kwa kukosa nguvu za kuhesabu. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenziwe katika kampuni ya Google wakatoa programu iliyosoma maandishi ya magazeti yapatayo maneno bilioni 100, ikalipa kila neno safu ya tarakimu 300 kwa kuangalia jirani zake tu. Maneno yenye jirani wanaofanana yalipata tarakimu zinazofanana. Hakuna aliyeiambia mashine kwamba Paris ni mji. Iliona tu kwamba Paris hukaa pale wakaapo London na Roma.

Katika jambo hili Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Twasema paa wa porini na paa la nyumba, mbuzi wa mfugaji na mbuzi ya kukunia nazi; upatanisho wa sarufi huyatenga maneno hata kabla hatujatazama jirani wa mbali. Mashine isiyojua kuwa mbuzi mmoja hula majani na mwingine ana meno ya chuma yaweza, kwa hesabu peke yake, kuwaweka mahali mbalimbali. Hata kitendawili cha Bar-Hillel mashine za leo hukitegua mara nyingi. Kwa hiyo mhakiki mwadilifu hana budi kukubali kwamba mengi yaliyodhaniwa kuwa ni elimu ya ulimwengu yalikuwa yamefichika katika mazoea ya maandishi.

Lakini tazama lifuatalo. Jirani wa neno zuri ni akina nani? Ni chakula, mwaka, tabia, habari, nyumba, sana, kabisa, mno. Na jirani wa neno baya? Ni hao hao. Apendaye na achukiaye husema juu ya vitu vile vile, kwa muundo ule ule wa sentensi. Ndiyo sababu katika hesabu hizo za 2013 maneno yaliyo kinyume mara nyingi hutokea kuwa karibu mno. Ujirani unaeleza neno linahusu nini, lakini haumwambii mtu kwa urahisi msemaji amesimama upande gani wa jambo hilo. Kama maana na hisia zingekuwa kitu kimoja, kosa hili lisingetokea.

Walioiona shida hii mapema waliamua kuifundisha mashine hisia kwa njia nyingine, yaani kwa kuipa mifano iliyokwisha pewa alama na watu. Mwaka 2002 Bo Pang, Lillian Lee na Shivakumar Vaithyanathan walichukua maoni ya watazamaji wa filamu, wakaifundisha mashine kutenga sifa na lawama; ikapata jibu sahihi katika maoni kama 83 kwa kila 100. Mwaka huo huo Peter Turney alijaribu maoni 410 ya wanunuzi na watazamaji. Katika motokaa alipata 84 kwa 100, katika filamu 66 tu. Sababu yake yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa fasihi: usukani usiotabirika ni ubaya wa gari, bali kisa kisichotabirika ni uzuri wa filamu. Neno halikubadilika.

Sasa na tulichukue neno letu kali. Kisu kikali ni kizuri jikoni. Mbwa mkali ni mwema kwa mwenye nyumba na mbaya kwa mgeni. Dawa kali huponya na huchoma. Jua kali ni taabu, na nchini Kenya limekuwa jina la mafundi wafanyao kazi zao nje ya viwanda, jina lenye uchovu na fahari kwa pamoja. Mwalimu mkali hulaumiwa na mwanafunzi leo, naye huyo huyo humsifu miaka ishirini baadaye. Na kijana asemaye kwamba wimbo ni mkali ameumaliza kuusifu. Mtu aliyepewa orodha ya maneno ya Kiswahili na kuambiwa andika alama moja mbele ya kila neno, ataandika nini mbele ya kali? Orodha za namna hiyo zipo katika lugha nyingi, nazo hutumika. Sioni kwamba zina faida kubwa kwetu.

Wako watakaonijibu kwamba mashine za sasa hazitazami neno pweke; husoma sentensi nzima. Ni kweli, na kwa mifano niliyoitoa hivi punde jawabu hilo latosha. Latosha kwa kisu na kwa wimbo. Halitoshi pale hisia inapokaa katika kiungo kidogo cha neno, wala pale inapokaa nje ya maandishi kabisa.

Nianze na kiungo. Msemaji wa Kiswahili akitaka kudharau hahitaji tusi. Kiongozi amefika ni habari. Kiongozi kimefika ni dharau kamili, na yote imo katika silabi moja, kwani mtu ameondolewa katika upatanisho wa watu akatiwa katika ule wa vitu. Mtoto akiitwa kitoto, mzee akiitwa kizee, mtu akiitwa kijitu, kila msikilizaji amekwisha jua mambo yamefika wapi. Jitu laweza kuwa kitisho na laweza kuwa sifa ya mchezaji hodari. Na papo hapo kiti na kitabu na kijana havina dharau yoyote. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, tangu miaka ya 1980, alitengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za sarufi. Hiyo ilijua kwamba ki- ya kimefika ni upatanisho, ingawa haikuumbwa kujua nani anatukanwa. Mashine mpya nyingi huyakata maneno vipande kwa kufuata wingi wa herufi zinazotokea pamoja, si kwa kufuata sarufi, na kipande kilichobeba dharau chaweza kukatwa katikati au kugandishwa na kingine. Zikisoma mifano mingi huenda zikajifunza zenyewe. Lakini dharau ya namna hii huandikwa kwa nadra na husemwa kila siku, na mashine husoma yaliyoandikwa.

La pili ni zito zaidi. Mtani afikaye msibani humkebehi marehemu, humwita mlafi na mdeni, huwachekesha waliofiwa, na hakuna achukiaye, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima yake. Maneno hayo hayo yakitoka kwa asiye mtani ni ugomvi. Bibi humwita mjukuu wake mume wangu, na hakuna hata mtu mmoja katika nyumba anayehitaji maelezo. Kisha itazame kanga. Jina lililochapwa juu yake ni lile lile kwa kanga zote za toleo lake. Zimenunuliwa na mamia ya wanawake, na huenda nyingi zimevaliwa bila ya kisa chochote. Moja kati ya hizo imevaliwa asubuhi moja na mke mwenza, akapita nayo mbele ya mlango fulani, pole pole. Ni maandishi gani yaliyobadilika? Hata herufi moja. Mtu apitaye njia atasoma methali. Aliyekaa mlangoni atasoma barua aliyoandikiwa yeye. Hisia ya maneno hayo imo katika nani kwa nani, na mahali hapo jirani za neno si maneno tena; ni watu.

Turudi sasa katika kazi halisi. Mwaka 2023 kundi kubwa la watafiti, wengi wao Waafrika, lilitoa mkusanyo uitwao AfriSenti: jumbe fupi zaidi ya 110,000 za mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo, katika lugha 14 za Afrika. Kila ujumbe umetiwa alama moja kati ya tatu: wema, ubaya, au wala hili wala lile. Ni kazi ya kushukuriwa. Kabla yake lugha nyingi kati ya hizo hazikuwa na kitu. Kiswahili, pamoja na mamilioni ya wasemaji wake, kilipata jumbe karibu 3,000, hali Kihausa kilipata zaidi ya 20,000. Upungufu huo waweza kujazwa. Linalonishughulisha ni alama zenyewe. Desturi ya kazi hizi kwa jumla ni kuwapa wasomaji watatu ujumbe mmoja na kufuata wengi. Ujumbe huja umekatwa: hapana aliyeusema, hapana aliyeambiwa, hapana lililotangulia. Msomaji hutakiwa kufanya kwa haraka jambo ambalo sisi katika darasa la uhakiki tungemkataza mwanafunzi kulifanya, yaani kutoa hukumu juu ya kauli asiyojua ni ya nani.

Madhara yake si ya nadharia. Mtu ambaye bomba lake limekauka siku tano huandika: ahsanteni sana kwa huduma nzuri, ndoo zetu zinawaombea dua. Mashine huona ahsante, huona nzuri, huona dua, na ofisi huhesabu mteja mmoja zaidi aliyeridhika. Mtani naye, aliyeandika rambirambi zake kwa namna ya utani, hufutiwa maneno kwa kuwa ametukana wafu. Katika pande zote mbili aliyeumia ni yule aliyetumia Kiswahili vizuri zaidi, na kila neno lifutwalo au lihesabiwalo vibaya humfundisha msemaji kuandika kwa ukavu, ili aeleweke na mashine.

Kwa hiyo naona kwamba kutia alama ni kusanifisha. Sisi tunalijua jambo hili kutokana na historia yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi zikafuata mwaka 1939. Hata leo watu wa Mombasa na Lamu wana maneno ya kusema juu ya uamuzi ule. Lakini mwenye malalamiko aliweza kuifungua kamusi, akalionyesha neno, akapinga. Hisia zikisanifishwa ndani ya mashine, kilichoamuliwa hakionekani. Wasomaji wawili wa Mombasa wakisema kauli fulani ni tusi, na wa tatu wa Mwanza akisema ni sifa, kura mbili hushinda, na tofauti ile, ambayo kwa mwanaisimu ndiyo habari yenyewe, huondoka bila ya kuacha alama. Ingefaa kila karatasi ya kazi hii iwe na nafasi ya kuandika nani alimwambia nani na mahali gani, pale yanapojulikana. Na majibu ya wasomaji wote yahifadhiwe, hata yasiyopatana.

Wala tusingoje kuitwa. Mkusanyo wa AfriSenti umetolewa hadharani. Mistari 3,000 ya Kiswahili, kuisoma moja moja, kuuliza kila alama ilikotoka na kuandika pale tusipokubaliana nayo, ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili aweza kuimaliza kwa muhula mmoja.