Mwenyeji wa Baraza la Usiku

Sisi wa Moshi, chakula cha jioni kikiisha, twapenda kukaa mbele ya televisheni kusikiliza mazungumzo ya usiku. Utamu wake ni kama wa baraza la mbege: mwenyeji auliza, mgeni ajibu, watu wacheka. Lakini penye mbege, mzee humnyamazisha mara moja mwenye matusi. Mwezi wa Novemba 2016, katika kipindi cha Jeff Koinange cha KTN, Nairobi, kilichorushwa papo hapo, mgeni mmoja alimtukana mwanamke aliyeketi naye. Mwenyeji akalaumiwa kwa kutomzuia, na kipindi kikakomeshwa. Ndugu wasomaji, neno likitoka hewani halirudi. Basi mwenyeji hodari twamjua hapa: hulinda heshima ya mgeni wake, hata kicheko kikipungua.