Zilipendwa na Nani? Maisha ya Pili ya Wimbo Katika Redio na Filamu

Katika Kenya na Tanzania, nyimbo kongwe zinazoendelea kupigwa redioni huitwa zilipendwa. Istilahi hiyo imezoeleka hata haihojiwi tena, ingawa ina mambo mawili ya kisarufi yanayostahili kuzingatiwa na mhakiki. Kwanza, njeo yake ni -li-, nayo hulifunga tendo katika wakati uliokwisha, ilhali nyimbo zenyewe hupigwa kwa sababu zingali zinapendwa. Pili, kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa pasipo mtenda kutajwa. Zilipendwa, lakini na nani? Makala hii inashikilia kwamba swali hilo la pili ndilo kipimo kifaacho cha maisha ya wimbo baada ya kutungwa na kurekodiwa. Redio ya salamu humtaja mpenzi wa wimbo. Filamu, mara nyingi, humfuta.

Mfano ulio wazi wapatikana Kenya ya Magharibi na jirani zake, katika miji ya Bungoma na Kitale. Bungoma imo katika nchi ya Wabukusu, na njia ya reli iendayo Uganda hupitia huko. Kitale ulikuwa mji wa walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 sehemu ya mashamba makubwa yaliyouzunguka iligawiwa watu wa makabila mbalimbali. Katika mazingira hayo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya shamba na ya redio. Wakati wa vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya, msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma kwa posta. Mtangazaji aliyasoma majina, kisha akapiga wimbo. Wimbo huo haukuwa tena wa mwimbaji pekee. Ulikuwa barua ya mtu wa Kitale kwa shemeji yake wa Bungoma, na maana yake ilitokana na uhusiano wao kuliko na maneno ya beti.

Hali hii yaeleza jambo ambalo uhakiki wa maneno matupu hauwezi kulieleza, yaani kupendwa kwa nyimbo za Kiingereza za Jim Reeves. Mwimbaji huyo Mmarekani alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, lakini sauti yake iliendelea kusikika nchini Kenya kwa miongo mingi. Msikilizaji hakulazimika kufasiri kila neno. Alihitaji sauti ya upole iwezayo kubeba majina ya watu wake. Kwa istilahi za fasihi-simulizi, fanani alikuwa Jim Reeves, bali mwenye wimbo, kwa dakika zile chache, alikuwa mtuma salamu.

Hata hivyo, yafaa redio isisifiwe kupita kiasi. Daudi Kabaka, mwimbaji wa twisti aliyefariki mwaka 2001, alitunga nyimbo zilizopata hatima tofauti kabisa. Wimbo wake "Harambee Harambee" ulitumiwa kwa miaka mingi na redio ya taifa kama kiashirio, hata ukasikika kama sauti ya serikali kuliko ya mtunzi. Wimbo wake mwingine, "Helule Helule", ulichukuliwa na kundi la Waingereza, The Tremeloes, ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka 1968. Kwa hiyo chombo chenyewe si hakikisho. Linalotofautisha ni kama chombo hicho kinaacha nafasi ya kiunganishi na, kile kinachomtambulisha mtenda: wapendwa na fulani, wa mahali fulani.

Filamu haina nafasi hiyo kwa urahisi. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya pwani ya Kenya ilitoa "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison wa kumkaribisha mgeni. Mwaka 1994 filamu ya Kimarekani The Lion King ilitoka ikiwa na wimbo mwingine, uliotungwa na mwanamuziki wa roki Elton John pamoja na Tim Rice, na jina lake likawa hakuna matata. Nyimbo hizo ni mbili mbalimbali. Kilicho sawa ni usemi tu. Katika wimbo wa pwani usemi huo una msemaji na msemeshwa, mwenyeji na mgeni. Katika filamu unasemwa na wanyama wasio na kwao pa kutajwa, nao ukawa falsafa ya Afrika isiyo na ramani. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajiliwa usemi huo nchini Marekani kama alama ya biashara kwa nguo. Waliousema kabla yake hawakutajwa.

Huenda mtu akapinga kwamba filamu pia hufufua nyimbo na wenyewe. Ni kweli. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, utungo wa Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ilivuma mwaka 1975 baada ya Kenny Everett kuipiga mara 14 katika siku chache kwenye Capital Radio ya London. Filamu Wayne's World ya 1992 iliirudisha kileleni Marekani, karibu na nafasi ya kwanza, na jina la Queen likazidi kung'aa. Lakini pingamizi hiyo yaimarisha hoja. Queen walikuwa na mikataba, mawakili na soko. Wimbo usio na ulinzi huo huingia katika filamu kama mandhari, sawa na mlima au mti wa mgunga.

Sasa Bungoma ina stesheni yake, West FM, na Kibukusu kina Sulwe FM. Kadi ya salamu imechukuliwa na simu, lakini majina yangali yanatajwa. Mtafiti akusanyaye nyimbo hizi kwa kunakili beti peke yake atapata nusu ya matini. Hana budi kunakili pia salamu zilizotangulia wimbo: ni nani aliyeuomba, kwa ajili ya nani, na kutoka wapi. Asipofanya hivyo, naye atakuwa ameandika zilipendwa bila kumtaja mtenda.