Maendeleo kama Zoezi la Lugha: Juu ya Ufundishaji wa Kiingereza cha Kitaaluma Vyuoni

Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu katika nchi yetu hukutana, katika mwaka wake wa kwanza, na somo ambalo hakuliomba. Huitwa stadi za mawasiliano, na mahali pengine Kiingereza cha kitaaluma. Humo hufundishwa kufupisha habari, kuandika muhtasari wa mhadhara, kunukuu pasipo kuiba, na kupanga insha yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Lakini lugha haifundishwi katika ombwe; hapana budi pawe na jambo la kusomwa na kuandikwa. Na jambo lililochaguliwa, katika vitabu vingi vya somo hili vilivyotungwa Ulaya kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, ni matatizo ya maendeleo ya dunia: umaskini, njaa, maji safi, ongezeko la watu, madeni ya nchi changa, na siku hizi mabadiliko ya tabianchi. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki desturi hiyo kama ambavyo tungehakiki tamthilia, yaani kwa kuuliza ni nani anayesema jukwaani, na ni nani anayesemewa.

Yafaa tuanze na sifa zake, maana zipo. Shule za wakati wa ukoloni zilimfundisha mtoto wa Kiafrika Kiingereza kwa habari za theluji na za nasaba ya wafalme wa ng'ambo. Ilipotoka Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, dai lake kubwa lilikuwa kwamba kinachosomwa darasani kihusiane na maisha ya jamii inayolipia darasa hilo. Kwa kipimo hicho, somo linalomtaka kijana asome na aandike habari za maji na mashamba limepiga hatua. Isitoshe, taarifa za mikopo yetu, za mikataba yetu na za afya zetu huandikwa kwa wingi katika Kiingereza. Msomi asiyeweza kutenga takwimu na maoni ndani ya taarifa ya namna hiyo atauziwa mbuzi kwenye gunia, naye ataliuzia taifa zima. Wala hatuandiki haya kwa chuki ya lugha hiyo. Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1969, alitufundisha kwamba mtu aweza kuijua lugha ya wengine barabara bila ya kuhamia ndani yake.

Historia ya somo hili hapa kwetu si ndefu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitengo cha stadi za mawasiliano kilianzishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu kuanzia madarasa ya chini hadi chuo kikuu, wakakuta kwamba chini ya asilimia 20 ya wale wa chuo kikuu waliopimwa ndio wangeweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Mtu angedhani kwamba matokeo hayo yangekuwa hoja ya kubadili lugha ya kufundishia. La hasha. Yalikuwa hoja ya kuongeza Kiingereza, na mradi wa kukitia nguvu, uliofadhiliwa na Uingereza, ulianza mwaka 1987. Tunayataja haya ili msomaji aelewe kwamba somo tunalolihakiki lilizaliwa kama fimbo ya kumwegemeza mgonjwa, na fimbo haipaswi kusifiwa wala kulaumiwa kana kwamba ndiyo mguu.

Sasa tuingie katika matini zenyewe. Jambo la kwanza linalomgusa msomaji wa vitabu hivi ni kwamba watenda wametoweka. Misitu imekatwa, ardhi imechukuliwa, watu wamehamishwa, bei zimeshushwa, na nani? Kitabu hakisemi, wala hakimtaki mwanafunzi aulize. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda ndiyo alama ya uandishi wa kitaaluma, na kwamba ni bora zaidi kitenzi kigeuzwe kuwa nomino, ili pasiwe na mtu aliyekata miti bali pawe na ukataji wa miti. Katika maabara ya kemia hili halina madhara, kwa sababu haidhuru ni nani aliyemimina asidi. Katika habari za njaa na madeni, kumtaja aliyemimina ndiyo habari yenyewe.

Tulitazame neno maendeleo. Limezaliwa na kitenzi kuendelea, nacho kimetokana na kwenda. Anayeendelea anakwenda kwa miguu yake. Ukitaka kusema kwamba mtu amemsukuma mwenziwe mbele, lugha inakulazimisha uongeze kiambishi, useme amemwendeleza, na hapo hapo msikilizaji yuko tayari kukuuliza: nani kamwendeleza nani, na kwa kibali cha nani? Kiingereza hutumia umbo lile lile la kitenzi kwa anayekua na kwa anayekuzwa, na kwa hiyo swali hilo hupita chini ya meza. Hatudai kwamba sarufi ya Kiswahili ni mwanasiasa bora. Sisi nasi tumezitafsiri nchi kuwa zilizoendelea na zinazoendelea bila ya kujiuliza zinakwenda wapi, na watu wa ofisi zetu wamebuni maendeleo endelevu, usemi ambao mzee wa kijijini akiusikia huenda akadhani ni mwendo uendao. Tunachodai ni kwamba mwanafunzi mwenye lugha mbili kichwani anayo darubini ambayo mtungaji wa kitabu hana, na darasa halimwachi aitumie.

Tofauti itaonekana tukimkumbuka Walter Rodney, aliyefundisha katika kilima kile kile cha Dar es Salaam. Kitabu chake cha mwaka 1972, kilichotolewa London na Dar es Salaam, kiliwaudhi wengi tangu kwenye jalada. Sababu yake ni ya sarufi. Jina la kitabu linamtaja mtenda, kitendo na mtendwa: Ulaya, kudumaza, Afrika. Hali iliyokuwa ikisemwa kana kwamba ni ya kuzaliwa nayo, na ambayo Rais Truman wa Marekani aliieneza duniani katika hotuba yake ya tarehe 20 Januari 1949, Rodney aliifanya kitenzi chenye mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika sentensi ya namna hiyo leo katika zoezi lake, tunashuku kwamba kalamu nyekundu itamwelekeza kuipoza. Kwa kweli kuna wakati kalamu hiyo ina haki: hoja kali bila ushahidi ni kelele tu. Lakini Rodney alikuwa na ushahidi, tena kurasa kwa kurasa. Ukali wa sentensi na upungufu wa ushahidi ni makosa mawili tofauti, na somo hili mara nyingi huyasahihisha kwa alama moja.

Zoezi lipendwalo sana ni lile la kueleza grafu. Mwanafunzi hupewa mstari unaoonyesha, mathalani, vifo vya akina mama wajawazito katika nchi kadhaa, naye hutakiwa aandike kwamba mstari umeshuka kwa kasi, umeshuka kidogo kidogo, au umetulia. Alama hutolewa kwa vielezi. Darasa huisha, na hakuna aliyeuliza kwa nini mstari huu umeshuka na ule haukushuka, wala zahanati iliyo karibu na nyumbani kwa kila mmoja ina mkunga au haina. Hatusemi kusoma grafu si elimu. Ni elimu kubwa. Tunasema kwamba kifo kimegeuzwa kuwa mfano wa kielezi, na kijana akizoea hivyo kwa miaka mitatu ataandika hivyo hivyo akiwa ofisa wa wilaya.

Mbinu nyingine imetokana na mwanaisimu John Swales, ambaye mwaka 1990 alichanganua jinsi utangulizi wa makala za kisayansi unavyopangwa: mwandishi huonyesha uwanja, kisha huonyesha pengo lililomo, kisha huingia kulijaza. Uchanganuzi wake ni makini, nasi tumefaidika nao. Taabu ni kwamba alieleza jinsi watu waandikavyo, na walimu wakaugeuza kuwa amri. Pengo hilo ni la nani? Tumchukue mwanafunzi aliyelelewa Kishapu, mkoani Shinyanga, anayeambiwa aandike insha juu ya kuenea kwa jangwa. Atasoma kurasa mbili za Kiingereza juu ya Saheli, ataona kwamba vitabu vya maktaba havikusema mengi juu ya kwao, na ataandika kwamba elimu juu ya jambo hilo ni haba. Kumbe nyumbani kwao Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi kinapokaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa ulipoacha kuwaletea watu miti wasiyoitaka na kuitegemeza desturi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto kwa njia hiyo. Elimu haikuwa haba. Ilikuwa katika lugha ambayo zoezi halikuihesabu.

Na isidhaniwe kwamba mambo ya maendeleo yalisubiri Kiingereza ili yafundishike kwa watu wengi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio kwa majuma 12, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na kuhara, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Hapo palikuwa na matini, muhtasari, mjadala na hitimisho, stadi zile zile ambazo chuo hujivunia, isipokuwa kwamba hitimisho lilishikwa kwa jembe. Kampeni ile ilikuwa na kasoro zake, na vyoo vingine vilichimbwa kwa kuogopa kiongozi kuliko kwa kuelewa. Hata hivyo, tukiiweka kando ya darasa letu la grafu, ni vigumu kusema ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kitaaluma zaidi.

Itaulizwa: basi somo lifutwe? Hatuoni hivyo. Maadamu taarifa za wakopeshaji huja kwa Kiingereza, na maadamu vyuo vyetu bado vinafundisha kwa lugha hiyo, kulifuta ni kumwacha mwanafunzi apambane mikono mitupu. Walimu wake nao wengi hufanya kazi kubwa katika madarasa yenye mamia ya wanafunzi, na hawakuchagua vitabu walivyopewa. Tungependa tu zoezi libadilishwe kidogo. Mwanafunzi apewe taarifa halisi ya Kiingereza juu ya wilaya anayoijua. Aihakiki kwa Kiingereza, kwa tahadhari yote ya kitaaluma anayofundishwa. Wala tahadhari hiyo si ngeni, kwani huenda, yamkini na inaelekea ni maneno yetu. Kisha jambo lile lile aliandike kwa Kiswahili, kwa ajili ya kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji kinachotajwa. Mahali atakapokwama katika kuhamisha sentensi, aweke alama pembeni. Tunaamini kwamba alama nyingi zitaangukia pale ambapo taarifa ilimficha mtenda, au ilipotaja kwa neno zito jambo ambalo halikuwapo.

Kazi ya namna hiyo itahitaji wasahihishaji wawili. Mmoja ni mwalimu wa lugha, ambaye tayari yupo. Wa pili ni mtu wa kijiji hicho, atakayesikiliza maelezo ya Kiswahili na kusema kama ndivyo mambo yalivyo. Na katika karatasi za alama za vyuo vyetu, hadi sasa, hakuna safu iliyochorwa kwa ajili yake.