Pongezi kwa Wauza Vitambaa wa Paducah

Katika mji wa Paducah, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ulioko ukingoni mwa mto Ohio, yalianzishwa mwaka 1985 maonyesho makubwa ya mifarishi ya viraka. Na ijapokuwa sifa nyingi huwaendea, kwa haki, mafundi ambao kazi zao hutundikwa ukutani, mimi sioni vyema kuwasahau wauzaji, ambao pasipo busara yao fundi angekosa hata pa kuanzia.

Mfarishi una tabaka tatu, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na bitana ya chini, na muuzaji hodari huzikumbuka zote anapotayarisha furushi lenye vitambaa, ruwaza na maelezo ya ushoni. Huchagua kitambaa cha pamba safi, kilichofumwa kwa nyuzi zilizoshikana. Huijaribu rangi nyekundu majini isije ikachuja na kuiharibu nyeupe. Hupambanisha maua makubwa na madogo, rangi hafifu na rangi iliyokoza, kwa kuwa pasipo tofauti hiyo nakshi hupotea machoni. Kisha hupiga hesabu ya yadi kwa hadhari, maana viwanda aghalabu havirudii kuchapa nakshi zilizokwisha, na furushi lililopungukiwa na kipande kimoja ni hasara kwa mnunuzi na aibu kwa aliyemwuzia.

Kazi hii yataka jicho, hesabu na amana kwa pamoja. Basi na tuwape wafanyabiashara hawa heshima wanayostahiki, kwani nao ni washirika kamili katika sanaa hiyo.