Udongo wa Muyinga, maji ya Bujumbura

Wanaofundisha usanifu wa majengo huwaambia wanafunzi: chora kulingana na mahali. Ni sawa. Shida inakuja mwanafunzi anapodhani mahali ni sura tu, kwamba akiweka tofali za udongo na baraza basi amejibu.

Burundi tuna mfano mzuri, maktaba ya Muyinga, iliyokamilika mwaka 2012. Ni kazi ya wasanifu wa BC kutoka Ubelgiji. Mimi naipenda. Kuta zake ni za tofali za udongo zilizoshindiliwa bila kuchomwa. Paa la vigae limechomoza nje ili mvua isizipige. Pembeni kuna baraza, na ndani wavu wa kamba za katani ambamo watoto hujilaza na kusoma. Kila kitu pale kimejibu swali la pale.

Sasa mlete mwanafunzi Bandari ya Bujumbura, mwambie achore ghala au banda la abiria. Akileta kuta za Muyinga, mpe sifuri. Tofali ile ikikaa ndani ya maji inarudi kuwa tope. Na hapa maji hayatulii. Rusizi na mito mingine mingi inaingia Ziwa Tanganyika, ila mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie, upande wa Kongo. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana. Mwaka 2024, miaka 60 baadaye, likapanda tena, likaingia Gatumba na mitaa ya kandokando, likafika hadi bandarini.

Kwa hiyo mwanafunzi asianze na "watu wa hapa hujengea nini?" Aanze na "maji yalifika wapi, na nani anakumbuka?" Akipima kiwanja siku moja atapata vipimo vya siku hiyo. Mvuvi mzee, mpagazi, mama muuza ndagala, hao ndio wanaijua alama ya maji ukutani. Ningekuwa mwalimu, ningesahihisha maswali yake kwanza, mchoro baadaye.

Hili linatuhusu sisi wa kambini. Kambi ya Kinama, kule Gasorwe, iliwekwa katika mkoa uleule wa Muyinga. Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Kwa maktaba, kuna aliyeuliza. Je, nani aliwauliza watu wa Kinama mlango uelekee wapi, au mama apikie wapi mvua ikinyesha?

Ndugu zetu wa mashirika, haraka ya siku za kwanza tunaielewa. Watu wanashuka usiku na watoto, turubai ni turubai, hakuna wa kungoja mchoro. Lakini mwaka wa kumi si siku ya kwanza. Mkileta wanafunzi wa usanifu kambini, waje msimu wa mvua. Nasi tuwatembeze: hapa maji hupita, hapa upepo hung'oa paa, hapa ndipo tulipohamishia jiko. Wakishaona hayo, wachukue penseli.