Mgeni Asiye na Mwenyeji: Tamathali ya Sayari Nyengine katika Maandishi ya Watu Wenye Usonji

Tangu miaka ya 1980, watu wenye usonji wa Marekani, Uingereza na Australia walipoanza kuchapisha habari za maisha yao kwa kalamu zao wenyewe, tamathali moja imekuwa ikijirudia katika maandishi yao. Mwandishi hujiona kama kiumbe aliyetoka sayari nyengine, akatua duniani kwa makosa, na tangu siku hiyo anajifunza desturi za wenyeji bila ya mkalimani. Wapo wanaoikumbatia tamathali hii na kuifanya bendera yao. Wapo pia wanaoichukia, kwani mtu akishaambiwa si wa dunia hii, imebaki hatua moja tu aambiwe si mtu. Makala haya yanakusudia kuihakiki tamathali hiyo kama tunavyozihakiki nyengine zozote za fasihi: nani anayeisema, anamsema nani, na inafanya kazi gani. Tutajaribu pia kuipima kwa mizani ya Kiswahili, maana lugha yetu inalo neno ambalo, kwa maoni yetu, linaiweka wazi maana yake kuliko lugha ilikozaliwa.

Kabla ya sayari palikuwa na ngome. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alipowaeleza watoto 11 katika makala yake ya mwaka 1943, alisisitiza upweke wao, na neno alilolichagua kuitaja hali hiyo lina asili ya Kigiriki yenye maana ya nafsi, yaani mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Kutokana na fikra hiyo zikazaliwa taswira za kuta na milango. Mwaka 1967 vilichapishwa Marekani vitabu viwili vilivyotokana na taswira moja. Bruno Bettelheim alikiita chake The Empty Fortress, yaani ngome tupu, akaitupa lawama juu ya wazazi, nadharia ambayo imekwishakataliwa. Clara Claiborne Park, mama wa mtoto mwenye usonji, alikiita chake The Siege, yaani mazingiwa, akasimulia jinsi jamaa walivyouzunguka ukuta wa mtoto wao kwa mapenzi na subira. Tofauti baina ya vitabu hivi ni kubwa, kwani mmoja anasema ndani hamna mtu, na mwengine anajua kwamba yumo na anamsubiri. Hata hivyo, katika vyote viwili mwenye usonji hasemi. Husemwa na walioko nje ya ukuta.

Tamathali ya sayari iliingia pale alipoanza kusema mwenyewe. Iliyosikika mbali zaidi ni ya Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Colorado aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye alikwishachapisha kitabu cha maisha yake, Emergence, mwaka 1986. Oliver Sacks, daktari wa mishipa ya fahamu, alimtembelea na kuandika insha juu yake katika The New Yorker mwaka 1993. Grandin alimweleza kwamba huzifahamu hisia zilizo nzito na za wazi, bali hupotea katika zile nyembamba zenye kufichwa, na kwamba mara nyingi hujiona kama mwanaanthropolojia aliyeko Mirihi. Sacks aliyachukua maneno hayo akayafanya jina la insha, na mwaka 1995 jina la kitabu kizima, An Anthropologist on Mars.

Hapa mhakiki hana budi kusita. Wasomaji wengi waliipokea picha hii kama kwamba Grandin ndiye aliyetoka Mirihi. Sivyo ilivyo. Mwanaanthropolojia ni mwanadamu; amefunga safari na daftari lake ili awachunguze viumbe wasiomfanana, ayaandike mazoea yao, akisie kwa nini wanacheka pasipo na kichekesho na kwa nini wanasema jambo wakakusudia jengine. Katika picha aliyoichora Grandin, binadamu ni yeye, na watu wa Mirihi ni sisi. Kwamba tuliigeuza bila ya kujua ni ushahidi wa jinsi tulivyozoea kujiweka katikati ya dunia.

Jambo la pili ni la kifani. Grandin alitumia tashbihi. Neno "kama" lililomo katika usemi wake ni daraja, nalo humruhusu msemaji kuvuka akarudi: hujiona kama mtu aliyeko Mirihi, naye anajua fika kwamba yuko Colorado na ana kazi ya kufanya. Sitiari hulivunja daraja hilo. Sacks hakukusudia ubaya, lakini jina la kitabu haliwezi kubeba maelezo yote, na "kama" ilidondoka njiani. Tangu hapo tashbihi ya mtu mmoja juu ya hali yake imekuwa sitiari ya watu wengine juu yake, na kilichokuwa maelezo ya hisia kikaanza kusomwa kama maelezo ya asili.

Mwaka huohuo wa 1993, Jim Sinclair, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Autism Network International, alitoa fikra zake mbele ya mkutano mkubwa wa usonji mjini Toronto. Andiko lililotokana na hotuba hiyo, "Don't Mourn for Us", lawaambia wazazi wasiwalilie watoto wao kana kwamba wamekufa. Huzuni ya mzazi, anasema, ni ya kweli, lakini ni huzuni ya mtoto aliyemwota, si ya huyu aliyezaliwa. Kisha anamtaka mzazi akae peke yake na ajiambie kwamba mtoto huyu si yule aliyemtarajia. Ni mgeni aliyeangukia katika maisha yake kwa bahati, hamjui ni nani wala atakuwa nani, ila ajua kwamba ni mtoto aliyekwama katika dunia isiyo yake, asiye na wazazi wa aina yake wa kumlea, na anahitaji mtu wa kumtunza na kumtetea.

Huu ndio utumizi wa tamathali hii wenye nguvu zaidi, nao ndio wenye hatari zaidi. Una nguvu kwa sababu Sinclair anauchukua umbali ule unaomwogopesha mzazi akaugeuza kuwa wajibu: maadam mtoto hana mwengine, basi ni wako. Una hatari kwa sababu anaitia tamathali katika kinywa cha mzazi, yaani anaihamisha kutoka nafsi ya kwanza hadi nafsi ya tatu. Maneno "mimi ni mgeni" ni ushuhuda, na maneno "yeye ni mgeni" ni hukumu, hata yakisemwa kwa mapenzi. Sinclair alikuwa na haki ya kuyaazima maneno yake kwa wazazi, kwani alikuwa nayo kwa kuyaishi. Mzazi aliyeyapokea bila ya sharti lililofuatia, la kutunza na kutetea, alibakiwa na mtoto wa mbali na udhuru wa kutomkaribia. Ulaya ya kale iliwahi kuujua udhuru wa namna hii, katika hadithi za vibwengo walioiba mtoto wa watu na kumwacha wao kitandani. Nasi wa pwani tusijione tumesalimika, kwani mtoto asiyesema mara ngapi husemwa ana shetani? Jina hubadilika, na kazi yake ni ileile ya kueleza kwamba aliyemo si wetu.

Waandishi waliofuatia waliijua hatari hiyo. Jasmine Lee O'Neill, mwandishi asiyesema kwa mdomo, alikiita kitabu chake cha mwaka 1998 Through the Eyes of Aliens, naye akatushughulisha na macho: msomaji anaalikwa kuitazama dunia kutoka upande wa pili, aone kwamba ukali wa mwanga, uzito wa sauti na raha ya kuwa peke yake ni maisha kamili. Mkusanyo wa maandishi ya wanawake uliohaririwa na Jean Kearns Miller mwaka 2003 uliitwa Women from Another Planet?, na alama ile ya kuuliza ndiyo tunayoiona kuwa ni uhakiki bora. Imeirudishia tamathali mashaka yake. Imefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na neno "kama".

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Neno la Kiingereza "alien" lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kilicho cha mwengine. Sheria ikalitumia kwa asiye raia, na hadithi za kubuni za sayansi kwa kiumbe wa anga za mbali. Katika neno hilo hamna mlango wala mkeka wa kukalia. Kiswahili kingelifasiri kwa "mgeni", na hapo mambo hubadilika. Mgeni ni yule tusiyemjua, na ni yuleyule tuliyemtandikia. Tena mtu asiye na uzoefu huitwa mgeni wa jambo, na kwa maana hiyo sote tu wageni wa jambo fulani. Juu ya yote, neno hili haliwezi kusimama peke yake. Hapana mgeni pasipo na mwenyeji, na kila anapotajwa mmoja, adabu humwuliza wa pili ametenda nini.

Methali zetu hazikuuficha ukweli wa uhusiano huu. Husemwa kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani haonekani ila kwa tofauti yake. Husemwa kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mtoto aliyewahi kufungwa ndani ili majirani wasimwone angeifahamu methali hiyo bila ya kufafanuliwa. Lakini husemwa pia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo neno letu nalo lina mpaka. Mgeni huaga. Siku ya tatu hupewa jembe. Mtoto mwenye usonji hakubisha hodi. Alizaliwa katika nyumba hiyo, na jina lake limo katika ukoo. Kumwita mgeni moja kwa moja ni kumvua haki ya uzawa kwa lugha tamu. Kwa hiyo tunashauri tamathali hii isomwe kama lalamiko. Anayesema amejiona mgeni nyumbani kwao anatoa habari za namna alivyopokewa, na mwenye kupaswa kujibu ni mwenyeji.

Ushahidi wa usomaji huu upo. Mwaka 1996 Autism Network International ilianzisha mikutano yake, iliyojulikana kwa jina la Autreat, ambamo wenye usonji ndio waliokuwa wenyeji. Palitumika beji za rangi: aliyevaa nyekundu haongeleshwi, na aliyevaa ya manjano huongeleshwa na anaowajua tu. Sayari haikubadilika, zilibadilika kanuni za kupokeana. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza mwenye usonji, alieleza kwamba kutofahamiana ni kwa pande mbili, kwani asiye na usonji naye hushindwa kumfahamu mwenye nao. Majaribio ya kupokezana habari yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba wenye usonji hupashana habari wao kwa wao sawasawa na wengine, na upungufu ukaonekana katika makundi yaliyochanganyika. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2025 haukuuona upungufu huo hata katika mchanganyiko. Kwa vyovyote, umbali wa sayari na sayari haukuthibiti.

Atakayeyafasiri maandishi haya kwa Kiswahili, nayo yanastahiki kufasiriwa, atakutana na uchaguzi mgumu. Tungemnasihi ailinde "kama" popote mwandishi alipoiweka, aiache alama ya kuuliza mahali pake, na asikimbilie kuandika "kiumbe wa ajabu" pale ambapo "kiumbe" pekee ingetosha. Kiumbe, kwa Kiswahili, ni kilichoumbwa. Ndivyo tunavyomwita hata mtoto aliyeko tumboni, tusiyemjua bado, na ambaye tumekwishaanza kumtandikia.